Sentensi za Kiingereza sekondari, Lamu: kuchanganua au kuunganisha?

Kuchanganua, yaani kuigawa sentensi katika sehemu zake kwa mchoro, wanafunzi wa Lamu wanakujua tayari kutoka somo la Kiswahili: matawi, jedwali, mishale. Kwa Kiingereza, michoro ya namna hiyo ilienezwa Marekani na walimu wawili, Reed na Kellogg, mwaka 1877. Faida yake naiona mahali pamoja hasa. Kitenzi chetu hubeba kiima (mtenda) ndani yake. "Anavua" ni sentensi kamili. Kiingereza hakikubali, kinataka kiima kisimame peke yake, na mara moja tu. Ndiyo maana daftarini utakuta "My father he fishes at night": hiyo "he" imeletwa kushika nafasi ya a- ya "anavua". Chora matawi ubaoni, neno hilo linakosa pa kukaa, na darasa linaliona lenyewe.

Ukipita hapo, kuchanganua huzaa wachanganuzi, si waandishi. (Wengine hupenda rula kuliko sentensi.)

Kuunganisha sentensi fupi ziwe moja ni hivi: "The dhow left Matondoni. It was carrying poles. The wind was weak." Haya, zifanyeni moja. Mmoja ataleta "although", mwingine ataanza na "Carrying poles", na ubishi utaanza ipi imekaa vizuri. Ubishi huo ndio somo. Mwaka 2007 watafiti Graham na Perin walijumlisha tafiti za uandishi wa darasa la 4 hadi la 12. Kuunganisha kulionekana kuinua uandishi, sarufi ikifundishwa peke yake haikuuinua.

Mimi ningetumia matawi kwa kosa la kiima tu, dakika 10 hivi, kipindi kilichobaki kiende kwa kuunganisha, kama lile jahazi la Matondoni.