Uzoefu wangu wa kupanga nyumba Amu: miezi 11 ghorofani Mkomani

Nilihamia Amu, yaani mji wa Lamu, kutoka Faza, kisiwani Pate, mwezi wa Januari, na mwezi huo ndio ulionigharimu. Kaskazi inavuma, wageni wamejaa, na kila mwenye chumba cha ziada anakikodisha kwa usiku. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya uuguzi, nina watoto wawili wa kuingia shule, na nilichoweza kutoa kwa kodi ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Nawaandikia hasa ndugu zangu wa visiwani na wa Kiunga wanaofikiria kuhamia mui (mjini), kwa sababu mimi sikupata wa kunieleza.

Miezi mitatu ya mwanzo tulilala kwa binamu yangu mtaa wa Langoni, watu tisa kwa vyumba viwili. Mungu amlipe. Hakuwahi kuninunia hata siku moja.

Dalali wa kwanza nilimpata kwenye kikundi cha WhatsApp. Picha zake nzuri: roshani, ngazi nyeupe, bahari mbele. Kabla ya kuonyesha chochote alitaka shilingi 500, akaiita hela ya miguu, na kila nyumba ina 500 yake. Nilimlipa mara nne. Nyumba ya kwanza ilikuwa Shela, kijiji cha jirani, na bei aliyonitajia kumbe ni ya usiku mmoja. Ya pili ilikuwa na wenyewe ndani. Mama wa watu alitufungulia mlango mikono imejaa unga, hana habari kwamba nyumba yake inatangazwa. Ya tatu na ya nne hazikufunguliwa kabisa, eti mwenye ufunguo yuko Mombasa. Shilingi 2,000 zikaenda, nami nina watoto wa kulisha. Anayetaka pesa kabla ya kufungua mlango, mwacheni. Huduma yake siipi hata nyota moja.

Nikafikiria Mokowe. Kule bara nyumba mpya zipo, nilionyeshwa moja ya vyumba viwili kwa 8,000, na ukihamia gari linakushusha mlangoni. Watu wengi wamekaa huko wakifanya kazi Amu, siwalaumu. Lakini nilikaa chini nikapiga hesabu: boti 150 kwenda, 150 kurudi, siku 24 za kazi, ni 7,200. Pamoja na kodi ni 15,200, na boti nayo haiondoki mpaka ijae, na mimi nina zamu za usiku. Nikaiacha.

Nyuma ya Langoni kulikuwa na chumba cha makuti kwa 4,500. Nilikwenda kukiona magharibi, watu wakipika. Jiko la mkaa la jirani liko chini ya upenu, paa limegusana na paa, na kijia cha katikati watu wawili hawapishani. Nimewahi kuuguza watoto walioungua. Sikuuliza hata dipoziti.

Aliyenipatia nyumba ni mzee mmoja anayekaa barazani mtaa wa Mkomani kila baada ya sala ya alasiri. Muuza samaki ndiye aliyenielekeza. Nikamwamkia, "Shikamoo ami," nikamweleza shida yangu. Akaniuliza mambo ambayo yule wa WhatsApp hakuyauliza: watoto wangapi, zamu zangu ni za saa ngapi, mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko baharini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nyumba ya Amu, mwanangu, haitafutwi kwa simu. Hutafutwa kwa maguu, na wageni wakisha kwenda zao." Akaniambia nirudi kusi ikianza.

Nilirudi wiki ya pili ya Aprili. Mji umetulia, nyumba za wageni zimefungwa madirisha. Mzee aliniingiza kwake nikazungumza na mkewe, na hapo ndipo nilipofahamu kazi inavyofanyika: yeye hupeleka watu, lakini anayejua ghorofa ipi iko tupu, nani anahamia Mombasa na nani amegombana na mpangaji wake ni bibi. Wanawake wa Mkomani wanajuana nyumba kwa nyumba. Siku ya tatu niliitwa. Malipo yao yalikuwa nusu ya kodi ya mwezi mmoja, na waliyapokea siku niliyokabidhiwa ufunguo. Hao nawapa nyota tano, na nitawapeleka watu kwao maisha yangu yote.

Nyumba yenyewe ni ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe ya kale. Bei ilianzia 16,000. Tulivutana siku mbili tukakubaliana 13,000, na dipoziti ya mwezi mmoja. Ni zaidi ya nilichopanga kutoa kwa elfu moja, lakini kwa Mkomani ni bei ya kushukuru. Nyumba nyingi hapa na Shela zimenunuliwa na watu wa Ulaya au zimegeuzwa za wageni, na zilizobaki za kupangisha familia kwa mwezi ni chache.

Ukija kuona nyumba za namna hii, njoo na futi ya kupimia. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio upana wa chumba, kwa hivyo vyumba ni virefu na vyembamba. Cha kwangu hakifiki mita 3. Kitanda cha sita kwa sita kimeacha njia ya kupita kwa ubavu. Kabati langu hamali walilileta kwa mkokoteni kutoka gatini mpaka mlangoni vizuri kabisa, kisha ngazi ikalikataa. Imejipinda na ni nyembamba. Nililiuza palepale kwa jirani kwa nusu ya bei. Nguo zetu sasa ziko kwenye makasha na vitu vidogo kwenye zidaka, vile vishimo vya rafu vya ukutani, na kusema kweli zidaka zinatosha kuliko nilivyodhani.

Kuta ni za matumbawe, unene wake dhiraa nzima, na tangu niingie sijanunua feni. Chooni kuna birika la kujengewa, na ndani yake samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Niliwakuta, nawatunza, na mwanangu wa pili amewapa majina. Kisha kuna wikio. Nyumba yetu imeungana na ya jirani kwa juu, ndia (njia ya mtaani) ikipita chini yake, na nikiwa zamu ya usiku mtoto akilia, mama jirani huvuka akaingia bila kushuka ngazi wala kuvaa buibui. Mwezi wa Agosti mdogo alipata homa saa nane za usiku nami niko kazini. Nilipopigiwa simu, alikuwa amekwisha kupanguswa na kupewa maji.

Kasoro zipo na sizifichi. Chokaa hudondoka kila siku, unafagia asubuhi na jioni. Mchwa wameingia boriti mbili za msana, yaani ukumbi mrefu wa nyumba, na usiku kukiwa kimya unasikia unga wake ukimwagika juu ya mkeka. Masika dari ya jikoni ilivuja siku sita kabla ya fundi kufika. Mji wa kale umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001 na nyumba hizi zinataka kutengenezwa kwa chokaa na boriti kama zilivyojengwa, lakini mafundi wanaoijua kazi hiyo ni wachache na wenye nyumba za wageni huwawahi. Mwenye nyumba wa kawaida anangoja, na mpangaji wake anatega ndoo.

Sasa maji, ambayo nayahesabu kuwa kodi ya pili. Maji ya mfereji ya Amu hutoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua hupenya mchangani ikakaa juu ya maji ya bahari, ni tabaka tu, na yakivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Ndiyo maana inaniuma kusikia mtu anataka kujenga juu ya vile vilima. Mtaani kwetu mfereji hutoka mara mbili kwa wiki, usiku. Ukiuliza kama nyumba ina maji utajibiwa ndiyo, kila mtu atakujibu ndiyo. Uliza tangi ni la lita ngapi, liko juu au chini, na mashine ya kuyapandisha ni ya nani. Mimi sikuuliza la tatu. Tangi letu ni la lita 1,000 na liko chini, na mashine ni ya mpangaji wa chini, iko chumbani mwake. Aliposafiri kwenda Malindi na ufunguo wake, nilinunua maji ya punda: mtungi wa lita 20 ni shilingi 30 mlangoni, na 50 ukipandishiwa ghorofani. Mitungi sita kwa siku, siku 19, shilingi 5,700. Aliporudi tulizungumza bila ugomvi, nikanunua mashine yangu. Umeme nao tunatumia mita moja, tunachangiana tokeni, na hapo hatujawahi kukosana.

Jambo la mwisho ni karatasi. Mzee wa barazani alinisisitizia niandikishe mkataba wa mwaka mmoja, na nilikuwa karibu nimwambie hakuna haja, maana mama mwenye nyumba ni mtu wa dini na ananiita mwanangu. Kenya iko sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba ya familia kwa bei hiyo Amu sijaiona. Kwa hivyo tuliandika, mashahidi wawili, na tukatia mstari mmoja kwamba sitaombwa kutoka kwa ajili ya wageni, iwe Maulidi au mwisho wa mwaka.

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ulipita salama ingawa mji ulijaa na kila godoro lilikuwa na mtu. Lakini wiki ya kwanza ya Disemba kijana wa mwenye nyumba alinipigia simu. Kuna wageni wa siku kumi, wanalipa vizuri, je, nisingependa kuwapeleka watoto Faza wakaone nyanya yao? Hakuwa na lugha mbaya. Nilimwambia, "Kaka, Faza nitakwenda, lakini ufunguo nitakwenda nao." Nikampelekea mamake picha ya ukurasa wa pili wa mkataba. Jioni ile mama mwenyewe alipiga, akaniomba radhi, na maneno yakaisha. Bila ule mstari ningepakia watoto kwenye boti, na sijui ningerudi nimkute nani kitandani kwangu.

Nyumba naipa nyota nne. Mkataba unamalizika mwezi ujao, na mama anataka 14,000. Nimemjibu pesa hizo nitazitoa, ila boriti mbili za msana zibadilishwe kwanza. Jana fundi alikuja na kamba yake, akapima, akaniambia mikoko ya kipimo hicho ataipata wiki ijayo.