Tiketi ya euro 19 na muhuri wa bure uliotutoa jasho

Nilikuwa nimeapa sitaandika. Nimekaa wiki kadhaa nikijiambia yamepita, tulifika salama, basi. Lakini juzi nimefungua droo kutafuta chaja nikaikuta ile karatasi, na muhuri wake uliogongwa kichwa chini miguu juu, damu ikanichemka upya. Kampuni siitaji. Mliowahi kupanda ndege hizi za bei chee za Ulaya mtaihisi, na hata mkidhani ni nyingine, sidhani kama mtakuwa mmekosea sana.

Mimi nasoma Ubelgiji. Dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu kutoka Korogwe, alikuja kunitembelea baridi ikiwa inaishia ishia. Amefundisha Kiingereza na Historia sekondari kwa miaka 26. Hilo lishikeni, tutalihitaji mbele. Hamu yake ilikuwa aione Italia. Nikapekua simu usiku kucha nikapata euro 19 kwenda na euro 19 kurudi, kila mtu, ila kurudi tuondokee uwanja mwingine maana huko ndiko bei ilikolala. Dada aliuliza mara tatu kama nimesoma vizuri. "Mdogo wangu, hiyo nauli ya basi hiyo."

Ndivyo wanavyokunasa. Viza yake ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka kati yao, ilimla euro 90, pesa ambayo ukinyimwa hairudi, na bima juu yake, ambayo lazima iweze kugharimia matibabu hadi euro 30,000. Bado taarifa za benki, barua ya mwaliko, alama za vidole. Ada ya viza peke yake ilitosha kununua tiketi nne za ndege ile na chenji ikabaki. Kwa hiyo mtu wa kwetu anaposema kasafiri Ulaya kwa euro 19, mwulizeni hesabu yake inaanzia wapi.

Kwenda hatukuona tabu. Tulitua Bergamo, uwanja ambao tiketi huuita Milano ingawa Milano yenyewe iko kilomita 50 hivi mbele. Watu wakishuka wanakimbilia mabasi ya Milano. Sisi tukapanda basi la mjini namba 1, likatupeleka Bergamo penyewe, dakika chache tu, na hapo ndipo nawashauri mkae. Mji wa juu umezungushiwa ukuta wa mawe ambao watu wa Venice walianza kuujenga mwaka 1561, unapita kilomita 6 kwa urefu, na kuutembea juu yake ni bure. Unapanda kwa kigari cha kuvutwa kwa kamba, wenyewe wanakiita funicolare, kipo tangu 1887. Dada alishika kiti kwa mikono miwili hadi juu, macho kafumba.

Pale ukutani ualimu ukamrudia. Akaniuliza Fort Jesus ilianza kujengwa lini. Nikasema 1593. Ilijengwa na nani? Wareno. Na ramani yake alichora nani? Nikakwama. "Giovanni Battista Cairati," akasema, "Mtaliano, mtu wa Milano. Kwa hiyo leo tumekuja kwa fundi." Akaendelea kutembea, mikono nyuma, kama anakagua madaftari.

Usiku, saa nne, kengele ya mnara wa Campanone hugongwa mara 100. Ni ukumbusho wa enzi ambazo malango ya mji yalifungwa usiku, kengele ikiwaita waliokuwa nje waingie. Tuliihesabu kutoka dirishani. Dada aliishia 97 akasema kati yake na kengele kuna mmoja kakosea. Nazitaja kengele hizi kwa sababu maalumu.

Milano tulikwenda kwa treni, tukaliangalia kanisa kuu kwa nje tu, tukanywa kahawa kwa kusimama kaunta kama wenyeji. Kahawa ile ile ukiinywa umekaa mezani bei inapanda, na dada aligoma kabisa kulipia kiti. Maji tulijaza kwenye mabomba ya mitaani, ni ya kunywa na ni bure. Haya yote matamu. Sasa tuje kurudi.

Kwa wasiojua: kama pasipoti yako si ya Ulaya, baadhi ya kampuni hizi zinataka zikague viza au kibali chako cha ukaazi kabla hujapita kwenye ukaguzi wa mizigo, hata kama safari ni ya ndani ya Schengen na afisa uhamiaji hukutani naye popote. Wakiridhika wanakugongea muhuri kwenye karatasi ya kupandia ndege. Sharti limeandikwa pale pale kwenye karatasi, kwa herufi za sisimizi. Mimi nalijua. Tulipokuwa tunakwenda, kijana wa kaunta alitugongea bila kuinua macho, nikajua ndiyo kawaida yao.

Tulifika uwanjani zaidi ya saa mbili kabla. Nikaenda kaunta yao, nikatoa karatasi mbili na pasipoti mbili, nikasema tunaomba kukaguliwa viza. Kijana akatazama tunakokwenda. Akasema hii ni ya ndani ya Schengen, haihitaji, nendeni. Nikamwonesha yale maandishi ya sisimizi. "Nendeni, nendeni," na mkono unapunga kama anafukuza kuku kwenye mchele. Tukaenda. Hapo ningeng'ang'ana, najua. Mpaka leo nabishana na nafsi yangu chumbani. Lakini mwenye muhuri akikwambia muhuri hauhitajiki, utamnyang'anya ujigongee?

Getini alikuwapo mama mmoja mwenye kalamu nyekundu. Pasipoti za Ulaya anazipitisha kwa kidevu. Kibali changu alikigeuza mbele na nyuma, akachora alama kwenye karatasi yangu, pita. Dada, hapana. Hakuna muhuri. Nikaeleza ya kaunta, hakunisikiliza; alikuwa ameshamgeukia dada na akaanza kumsemesha Kiingereza kwa sauti ya juu, neno moja moja, silabi moja moja, vile unavyomfundisha mtoto wa chekechea kusema "maji". Vi. Za. Unaelewa? Watu nyuma yetu wakawa wanatazama viatu vyao.

Miaka 26, ndugu zangu. Kuna madaktari na mawakili leo wanaoandika Kiingereza kwa sababu mwanamke yule aliwasahihishia insha kwa taa ya chemli. Dada akamjibu taratibu, sentensi imenyooka kama uzi wa fundi, kwamba anaelewa vizuri sana, na angependa aoneshwe sharti hilo linamhusu yeye vipi na si mdogo wake, ambaye naye hana muhuri. Yule mama hakujibu. Akanyoosha kalamu kuelekea tulikotoka.

"Umeona?" dada akaniambia tukiwa tunarudi. "Hata kidole kaninyima."

Kurudi maana yake ni kutoka nje kabisa, kwenye kaunta, kisha kupita ukaguzi upya. Tulikimbia. Dada ana miaka 61 na goti moja lisilopenda baridi. Mlinzi mmoja alituhurumia akatufungulia mlango wa pembeni, huyo Mungu ambariki. Kaunta, kijana yule yule. Hakuniuliza lolote. Akavuta karatasi ya dada, akaigonga, akairudisha. Pasipoti ilikuwa bado mkononi mwa dada, imefungwa! Hakuifungua. Hakuigusa. Viza ya euro 90, alama za vidole vyote kumi, taarifa za benki za miezi, na siku ile hakuna jicho hata moja la kampuni ile lililoutazama ukurasa ilipobandikwa. Walichotaka ni wino.

Na hao watu wa Venice wa zamani, ambao hawakuwa malaika, kabla ya kukufungia lango walikugongea mara 100. Sisi tuligongewa mara moja, tena kichwa chini.

Ukaguzini tena: koti, viatu, mtandio, mkanda. Tulipofika getini nilishaanza kupiga hesabu ya kulala benchi. Geti liko wazi, watu wamekaa chini. Ubaoni: ndege imechelewa dakika 40. Ilikuwa haijatua hata. Kuchelewa huko huko ambako siku zote nakutukana ndiko kulikotuokoa, na hapo nikajikuta nataka kumkumbatia rubani. Mama wa kalamu akaipokea karatasi ya dada, akatazama muhuri, viza hakuitazama, akatutakia safari njema. Kwa tabasamu kabisa!

Nyota ngapi, basi? Nilipokaa kwenye kiti niliandika moja kwenye simu. Tulipotua nikaifuta nikaweka tatu, kwa sababu ndege ilikuwa safi, haikuyumba, na kwa euro 38 dada yangu ameona ukuta wa Bergamo, kitu ambacho pensheni ya mwalimu isingekigusa kwa ndege nyingine. Kisha nikapeleka malalamiko. Fomu yao inakutaka uchague tatizo kwenye orodha: mzigo, kuchelewa, kuahirishwa, kurudishiwa pesa. Kudharauliwa hakumo. Nikachagua "mengineyo". Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, kwamba ni wajibu wa abiria kuhakikisha hati zake zimekaguliwa. Nikarudi kwenye nyota moja, na kama sifuri ingekubali ningeibonyeza kwa ngumi.

Mkienda nao, msiondoke kaunta bila muhuri, hata mkiambiwa hauhitajiki. Simameni hapo hapo. Waacheni wapunge.

Dada yeye amesahau, au anajifanya. Wiki iliyopita kanitumia ujumbe wa sauti kutoka Korogwe, jogoo wanawika nyuma yake, anasema anataka aombe viza tena mwakani, na ile kampuni yetu ya mbio, kwenda Lisbon wanachukua ngapi? Nikamjibu kwamba ile sipandi tena, afadhali basi la siku mbili. Kisha nikaangalia.

Euro 22. Sijamwambia bado.