Kituo cha watoto Njiro: mfereji umefaulu, twiga wa zege kafeli

Ukishapita geti, anayekupokea ni twiga wa zege wa mita 3, njano na madoa ya kahawia. Wazazi wanampenda na ndiye aliye kwenye kila picha ya kituo. Watoto wanampita tu. Hatua 15 mbele yake, chini ya mti wa mringaringa, kuna magogo saba yaliyochimbiwa ardhini, hayana rangi wala sura. Saa tatu asubuhi magogo hayo ni daladala la kwenda sokoni Kilombero, konda yuko nyuma anagonga mti na kuita abiria. Saa tano yameshakuwa duka la Mangi, na majani ya mgomba ndiyo noti.

Kituo hiki cha Njiro, mjini Arusha, kinapokea watoto wa miaka 3 hadi 6, wapatao 40, katika nyumba ya kuishi iliyobomolewa kuta mbili za ndani. Kinajitangaza kuwa kimesanifiwa kwa sanaa ya kisasa na mazingira ya asili. Maneno hayo yako kwenye mabango mengi ya chekechea mjini Arusha, na mara nyingi maana yake ni katuni ukutani na nyasi za plastiki uani. Hapa kuna kazi ya kweli iliyofanyika, ingawa si kila mahali. Jina la kituo tunaliacha kwa sababu kasoro nyingi zinarekebishika na uongozi umeshaanza na baadhi yake.

Hilo la twiga na magogo si geni kwa wasanifu. Kuanzia 1947 Mholanzi Aldo van Eyck alibuni viwanja vya watoto zaidi ya 700 mjini Amsterdam, vingi kwenye viwanja vilivyobaki wazi kati ya nyumba. Aliweka shimo la mchanga, vishina vya zege vya kurukia na vyuma vya kupindukia tu. Hakuna tembo, hakuna kobe. Umbo lisilo na jina humwachia mtoto kazi ya kulipa jina. Twiga ameshakuwa twiga, na mgongo wake uko juu mno kupandwa, kwa hiyo hakuna la kufanya naye.

Magogo yenyewe yamepimwa vizuri: yamezama sentimita 40, yamejitokeza kati ya 20 na 60, na nafasi kati ya moja na jingine ni sentimita 30 hivi, hatua ya mtoto wa miaka minne anayejikaza kidogo. Chini yake pamemwagwa maranda na vipande vya mbao, unene wa sentimita 25 tulipopima, na ni vizuri viongezwe vifike 30 maana hushindiliwa na miguu. Kasoro ni kwamba fundi alipaka oili chafu ili kuzuia mchwa. Kweli mchwa huikimbia, lakini oili iliyotumika kwenye injini ina kemikali za kusababisha saratani, na mtoto huyakumbatia magogo hayo kwa mikono na mapaja. Badala yake, sehemu inayozama iunguzwe moto mpaka ipate ganda la mkaa, kisha shimo lijazwe kokoto kuzunguka gogo ili maji yasituame. Hata hivyo gogo litaoza siku moja. Libadilishwe, ni gogo tu.

Kitu bora kuliko vyote hapa ni mfereji. Aliyeubuni ameichukua mifereji ya kumwagilia ya miteremko ya Mlima Meru akaipunguza iwe ya kimo cha mtoto: urefu mita 9, upana sentimita 20, kina 12, umejengwa kwa mawe na saruji iliyopigwa brashi isiteleze. Vilango vinne vya mbao vinanyanyuliwa kwa mkono. Mtoto akifunga kilango cha pili, maji yanapanda na kumwagikia mkono wa kushoto kwenda kwenye mchicha. Akikifungua, mwenzake wa chini anapiga kelele kwamba meli yake imeondoka. Pale panafundishwa ujazo, mwendo na kusubiri zamu bila mwalimu kufungua mdomo.

Siri ni mteremko. Umewekwa sentimita 1.5 kwa kila mita. Ukizidi 3, maji yanakimbia na kubeba udongo, na mtoto hawahi kuona alichofanya. Ukipungua chini ya 1, maji yanalala, ukoko wa kijani unaota na watoto wanaanguka. Mwisho wa mfereji ni shina la mgomba, si dimbwi, kwa hiyo mbu hawana pa kutagia. Kabla ya hapo kuna kishimo cha kunasa mchanga, ukubwa wa ndoo, ambacho huzolewa kila Ijumaa. Wiki ambayo hakizolewi, mfereji mzima huziba. Anayetaka kuiga mfereji huu aige na kishimo.

Matairi ya kupandia nayo yamefikiriwa: kila moja limetobolewa matundu matatu upande wa chini. Tairi lisilotobolewa ni nyumba ya mbu wa dengi. Shimo la mchanga, kwa bahati mbaya, limechimbwa tu kwenye udongo mweusi bila kokoto chini, na masika huwa bwawa. Litandikwe kokoto sentimita 15, kitambaa cha kuchuja juu yake, kisha mchanga wa mto sentimita 40, na kingo zinyanyuke 20 juu ya ardhi. Usiku lifunikwe turubai. Paka wa mtaani huliona kama choo chao, na minyoo ya paka hukaa mchangani muda mrefu.

Uzio wa zamani ulikuwa mnyaa. Umeng'olewa wote, na hilo linastahili pongezi, kwa kuwa utomvu wake ukiingia jichoni huweza kuliumiza vibaya. Mahali pake pamepandwa masale, hayana miiba, na mzazi yeyote wa huku anajua kwamba masale mpakani ni alama ya mpaka na ya amani.

Ndani, chumba kikubwa kina dirisha la mashariki lililobandikwa stika za kioo nyekundu, bluu na njano, zimegawanywa kwa mistari myeusi kwa mtindo wa mchoraji Mholanzi Mondrian. Tukiwa nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua la asubuhi huingia karibu moja kwa moja mwaka mzima, na mabaka ya rangi hutambaa sakafuni. Mwalimu huzungushia baka jekundu chaki saa mbili na nusu, anarudia saa tatu, na watoto wanaona kwamba limehama. Saa ya jua, bila kununua chochote zaidi ya stika.

Dirisha la magharibi limefanyiwa hivyohivyo, na hapo ndipo mtindo ulipomshinda msanifu. Kwanza, stika zilibandikwa kiangazi juu ya kioo chenye vumbi, na jua la alasiri limezitoa malengelenge. Kioo huoshwa kwa maji ya sabuni, stika hubandikwa kikiwa bado kimelowa, na maji husukumwa nje kwa kipande cha mpira kuanzia katikati kwenda kingoni. Pili, na hili ni kubwa zaidi, meza ya kuchorea iko chini ya dirisha hilo. Mtoto anapaka njano, mwanga mwekundu unaifanya chungwa. Anapaka bluu, inakuwa kama nyeusi. Akitoka nje na karatasi yake anakuta picha nyingine kabisa. Meza ya rangi inataka mwanga mweupe, na upande wa kusini wa chumba hicho kuna dirisha pana lisilo na kitu, limewekewa makabati mbele.

Juu ya kona ya vitabu kumetundikwa sanamu za kuning'inia, kwa mfano wa zile za Mmarekani Alexander Calder, ambazo msanii Mfaransa Marcel Duchamp ndiye aliyezipa jina la kiingereza na kifaransa la "mobile" mwaka 1931. Hapa zimetengenezwa na watoto wakubwa pamoja na fundi wa kuchomelea. Kanuni ni kuanza chini kwenda juu: unasawazisha waya wa mwisho kwanza, unatafuta pointi inapotulia, unaifunga, kisha mzigo huo wote unakuwa upande mmoja wa waya unaofuata. Kipande cha gramu 60 kilicho sentimita 40 kutoka kwenye fundo hubeba cha gramu 240 kilicho sentimita 10. Ukianza juu utahangaika siku nzima. Sanamu zenyewe zinapendeza na upepo mdogo tu unazizungusha, lakini vipande ni vya bati lisilokunjwa kingo, na skrubu imeshika gipsam peke yake. Gipsam haibebi mzigo unaotikisika. Skrubu iingie kwenye mbao ya kenchi, bati likunjwe kingo milimita 5 au, rahisi zaidi, vipande vikatwe kwenye madumu ya plastiki.

Picha za Tingatinga zilizopo ni nzuri, zimetundikwa sentimita 160 kutoka sakafuni. Macho ya mtoto wa miaka minne yako kwenye 95 hivi. Zimewekewa nani? Vitu vingine viko sawa kwa kimo: viti sentimita 28, meza 50, sinki 52, na nafasi kati ya nondo za madirisha haifiki 10, kwa hiyo kichwa hakipiti. Jambo moja la kuangalia ni kwamba watoto wanaiga Tingatinga kwa rangi ya mafuta ile ya kung'aa, kwa hoja kwamba Edward Saidi Tingatinga naye alipoanza Dar es Salaam miaka ya 1960 alitumia rangi ya baiskeli. Yeye alikuwa mtu mzima. Rangi za mafuta, hasa njano na nyekundu, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na mtoto hulamba vidole. Uji wa unga wa ngano uliotiwa rangi ya chakula unatosha: kikombe kimoja cha unga, kimoja cha maji baridi, vitatu vya maji moto, na kijiko cha chumvi usichache haraka.

Hasa kwa kuwa tayari wana meza ya rangi za mimea, ambayo ni ya kwanza kwa ubora baada ya mfereji. Kijiko cha chai cha manjano ya unga huchanganywa na nusu kikombe cha maji ya moto, huchujwa, na mtoto huchora kwa maji hayo. Karatasi ikikauka, mwalimu hupitisha brashi yenye maji ya magadi na mchoro unageuka mwekundu kama damu ya mzee mbele ya macho yao. Ndimu ikipita juu, njano inarudi. Choya hufanya kinyume: ni nyekundu kwenye ndimu, ikikutana na magadi inaelekea bluu na kijani. Magadi yanashikwa na mwalimu tu, hayaonjwi.

Na hapo ndipo penye kosa zito la kituo, ambalo halionekani kwenye picha. Magadi ya huku yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu meno, na maji mengi ya kuzunguka Meru vilevile. Kituo kinawapa watoto maji ya kisima yaliyochemshwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakutoi floraidi. Kunaizidisha kidogo, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na umri wa hawa watoto ndio meno ya kudumu yanapojengeka. Wakati huohuo kituo kina simtanki la lita 2,000 la maji ya mvua, yasiyo na tatizo hilo, na yote yanamwagwa kwenye mfereji. Wabadilishe: kisima kichezewe, mvua inywewe. Paa lina mita za mraba kama 120, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inatosha kulijaza. Lita 60 za kwanza baada ya ukame zimwagwe kwa ajili ya vumbi na vinyesi vya ndege, yaliyobaki yachujwe na kuchemshwa. Kiangazi, chujio la mkaa wa mifupa, ambao hunasa floraidi, aina iliyofanyiwa kazi miaka mingi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, litafaa kwa kisima.

Mengine kwa ufupi. Vyoo ni safi. Sakafu ya marumaru ni baridi mno Juni na Julai, mikeka haitoshi bila godoro jembamba chini yake. Chumba cha nyuma hakina siling bodi, na mvua ikipiga bati mwalimu anafundisha kwa ishara.

Ada ni shilingi 450,000 kwa muhula, chakula cha mchana ndani. Ukimpeleka mtoto, muulize kwanza mkuu wa kituo maji ya kunywa yanatoka wapi, na mvalishe nguo usiyoionea uchungu: matope ya mfereji yanafulika, utomvu wa mgomba hautoki.