Gundi nyeupe, pati na rangi ya kupuliza kwenye fomu: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe dukani

Anayetengeneza maketi, yaani mfano mdogo wa jengo, ya tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) au ya stesheni hapa Tabora hahitaji duka la vifaa vya modeli. Duka la vifaa vya ujenzi linamtosha, mradi ajue nini kinaishika fomu, ule ubao mwepesi mweupe wa povu la plastiki, na nini kinaila.

Rangi ya kupuliza tuimalize mapema: isiguse fomu tupu. Viyeyusho vilivyomo, ndugu zake thina, huiyeyusha fomu papo hapo, na ukuta ulionyooka hubaki mashimo matupu. Gundi ya viatu na supagluu nazo hivyo hivyo.

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo inayobeba kazi yote, kwa hiyo hapa ndipo pa kutoa hela. Chukua iliyo nzito, inayong'ang'ania kijiti ukiinua. Kwaruza fomu kwa msasa namba 120, futa vumbi, kisha changanya gundi sehemu mbili, maji sehemu moja na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Tone hilo usiliruke: fomu inakataa maji, na bila sabuni mchanganyiko hujikusanya matone matone ukaacha vipara. Koroga taratibu, usitikise chupa. Mapovu hupasuka wakati wa kukauka na kuacha vitundu, na hapo ndipo rangi ya kupuliza inapopenya baadaye. Juu utaona ngozi nzima ya gundi na rangi. Ukibonyeza kwa kidole inazama, maana fomu ya chini imeshaliwa.

Mkono wa pili, yaani mpako wa pili baada ya huo kukauka, uwe gundi na rangi ya maji ya kahawia au nyeusi, nusu kwa nusu. Rangi haiko hapo kwa urembo. Pale brashi iliporuka, weupe wa fomu utakukonyeza.

Kasoro yake kubwa ni kwamba gundi ya kawaida ya namna hii hulainika ikikutana na maji hata baada ya kukauka. Maketi inayobebwa msimu wa masika isiachwe na gundi wazi. Ipite rangi ya maji mikono miwili juu. Kasoro nyingine iko kwenye maungio. Fomu kwa fomu hazipitishi hewa, gundi iliyo katikati hubaki mbichi muda mrefu. Chomeka vijiti vya mishikaki kama misumari, acha mpaka kesho.

Wenye fomubodi, ile yenye karatasi pande mbili, wajihadhari na kupinda. Karatasi ikilowa upande mmoja hutanuka, na ikikauka huvuta ubao wote. Paka pande zote mbili kwa mfululizo. Unapotaka mawe au matofali, lowesha karatasi ya upande huo, ibandue, uchore kwenye fomu yenyewe kwa kalamu ya risasi butu kabla ya gundi. Kwa uso wa jiwe, kunja foili ya jikoni iwe donge, gandamiza huku na huku ukiligeuza.

Pati ya ukutani, ule unga wa kulainishia kuta kabla ya rangi, inapata alama za kati. Peke yake kwenye fomu tupu ni hasara: fomu inanyumbuka, pati hainyumbuki, inamenyuka vipande. Ipake juu ya mkono wa kwanza wa gundi, kwa kipimo cha pati vijiko vinne, gundi kijiko kimoja, maji kidogo kidogo mpaka ishike kwenye brashi bila kudondoka. Isizidi milimita moja. Ukiinenepesha, kiangazi cha Tabora kitaipasua kabla ya jioni, ianikwe kivulini. Pati ya jasi ikianza kuganda bakulini usiifufue kwa maji.

Mahali pake hasa ni kuta za udongo. Kwa tembe la aina ya lile la Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872, gongagonga pati ikiwa bado mbichi kwa brashi kuukuu, halafu ilaze kidogo kwa kidole chenye maji. Kwenye matofali yaliyochorwa iache kabisa, maana inajaza mistari yote. Hapo gundi na rangi zinatosha.

Mchanga wa kunyunyizia ndio unaoharibu maketi nyingi nzuri. Kwenye skeli ya 1:50, yaani maketi ikiwa ndogo mara hamsini kuliko jengo lenyewe, punje ya nusu milimita ni kokoto ya milimita 25, na hakuna ukuta uliopigwa lipu ya namna hiyo. Tumia kilichopita kwenye chujio la chai na kisha kitambaa, au vumbi la msasa kutoka kwa seremala. La msumeno ni nene mno.

Usiuziwe mfuko mzima wa pati. Omba upimiwe kilo moja, uifunge kwenye kopo lisilopitisha hewa. Ukiikuta imefanya madonge, usiichekeche. Imeshanyonya unyevu na kuanza kuganda, haitashika tena.