Inverta ya kilowati 3, volti 24: mashine nzuri, ila waya wa kwenye boksi weka pembeni

Wengi wanaulizia hii inverta, mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, inabeba friji na TV ngapi, mi nataka niongelee nyuma yake, pale zinapoingia waya za betri, maana mafundi wengi wanapapitia haraka haraka na hapo ndo moto unapoanzia. Mashine yenyewe naipa nne kati ya tano. Bolti za betri ni M8 za kopa (shaba) nene, plasi na mainasi zimeachana vizuri na kila moja ina kifuniko chake, na ukikaza na spana bolti haizunguki.

Shida ni waya waliotupa ndani ya boksi. Ni wa milimita za mraba 16. Piga hesabu mwenyewe, wati 3000 gawanya kwa volti 24 unapata ampia 125, na hapo hujahesabu umeme unaopotea ndani ya inverta, ukiuweka unakaribia 140. Sasa waya wa 16, mita mbili kwenda na mbili kurudi, hata uwe kopa tupu, kwenye ampia 125 unakula zaidi kidogo ya nusu volti na wati karibu 70 zinaishia kuwa joto njiani. Inverta ikiona volti imeshuka inapiga alamu kwamba betri imeisha wakati betri bado ina chaji, af watu wanalaumu betri! Tulipoweka wa 50 zile kelele zikaisha, joto kwa hesabu ile ile linashuka hadi wati kama 22. Wa 35 nao unafaa kama betri iko karibu kabisa na mashine. Na ukienda kununua kwangua ncha kwanza, ukiona weupe ndani hiyo ni aluminiamu imepakwa kopa, kwa unene ule ule haipitishi umeme kama kopa, achana nayo.

Lagi, vile vichwa vyenye tundu vya kwenye ncha za waya, zibanwe na mashine ya haidroliki, nyundo na koleo hapana kabisa jamani. Halafu angalia washa, kile kipete cha kuweka chini ya nati. Fundi aliyefunga hii niliyoiona alichomeka washa ya chuma katikati ya lagi na bolti, yaani umeme wote wa nyumba unapita kwenye kipande cha chuma, na plastiki ya lagi ilishaanza kubadilika rangi. Lagi ilale juu ya kopa moja kwa moja, kisha washa bapa, kisha ya springi, ndo nati. Ukimaliza kufunga, washa mzigo mkubwa nusu saa, zima kila kitu, pima joto la lagi zote, ile iliyo ya moto kuliko wenzake haijakaa vizuri.

Fyuzi haimo kwenye boksi na hili limeniudhi kweli, kwa sababu mnunuzi wa kawaida ataona haihitajiki. Inahitajika, na ikae jirani na plasi ya betri, sio jirani na inverta, maana inalinda ule waya wote ukipiga shoti. Iwe ya DC, yaani ya umeme wa betri. Breka ya AC (umeme wa nyumbani) ya kwenye ubao wa nyumba usiiweke hapo, umeme wa AC unapita sifuri mara 100 kwa sekunde kwenye hezi 50 ndo maana cheche yake inakatika kirahisi, wa DC hausimami, cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka hadi iyeyuke.

Upande wa AC teminali zake ni za skrubu, ziko sawa, weka ferulo, vile vibomba vidogo vya kubana, kwenye ncha za waya laini zisitawanyike. Ila umeme wa inverta usiuingize nyumbani kupitia soketi hata siku moja, funga chenjova, swichi ya kuhamisha nyumba kati ya gridi na inverta, inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Bila hiyo, gridi ikikatika umeme wako unarudi mtaani, na juu ya nguzo kuna fundi ameshika waya akijua umezimwa.