Bluzi ya Delta au ya Chicago?

Nikiulizwa naipenda ipi zaidi, bluzi (muziki wa blues wa Wamarekani weusi) ya Delta ya Mississippi, kusini mwa Marekani, au ya jiji la Chicago, huchagua ya Delta, ingawa moyo hunisuta kidogo.

Delta ni mtu mmoja na gitaa kavu, lisilo la umeme. Robert Johnson, gwiji wa bluzi hii, alirekodi nyimbo 29 tu, mwaka 1936 na 1937 huko Texas, akafariki 1938 akiwa na miaka 27. Sikiliza kidole gumba kinavyoshikilia besi huku vidole vingine vikijibu kwa juu; utadhani wapigaji ni wawili. Wengine walitelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi hadi gitaa likalia kama mtu. Humo nasikia nyimbo za kazi za mashamba ya pamba, mmoja akianzisha na wenzake wakiitikia, desturi iliyovuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika.

Chicago ni bendi kamili: gitaa la umeme, besi, ngoma, piano, na kinanda cha mdomo kilichobanwa kwenye maikrofoni. Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa kutoka Mississippi, alihamia huko mwaka 1943. Klabu zilijaa kelele, gitaa kavu likamezwa, naye akashika la umeme. Kwa kucheza, bluzi hii haina mpinzani.

Lakini usiku, nyumba ikishatulia, namrudia Johnson, mikwaruzo ya santuri na yote. Hata nikimtamani Muddy, naanza na nyimbo alizorekodiwa mwaka 1941 kwenye shamba la Stovall huko Mississippi, kabla hajahamia Chicago, gitaa lake likiwa bado kavu.