TAHADHARI: Mkopo wa dakika tano, dhamana ni majina yaliyo kwenye simu yako

Ndugu zangu, hasa akina mama wenzangu wa magenge na vibanda, kuna watu wanatuma meseji zenye linki: "Umechaguliwa kupata mkopo hadi 500,000, bila dhamana." Usibonyeze. Mimi nilibonyeza.

Nilikuwa nimemuuguza mtoto, mtaji wote umeishia hospitali, genge limefungwa wiki mbili. Nikapakua ile programu, nikaomba 100,000 ninunue matenga ya nyanya. Ilivyofunguka tu ikaomba ruhusa ya kusoma majina, meseji na picha. Nikakubali zote, nani anasoma yale maandishi?

Hela ikaingia kweli, lakini 68,000. Zile 32,000 wameziita "ada ya huduma" na "ada ya tathmini". Tangazo lilisema siku 91, ndani ya programu tarehe ya kulipa ni siku ya saba, na deni ni 105,000. Yaani nimeshika 68,000, narudisha 37,000 juu yake ndani ya wiki moja. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania (BoT) kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, zinaweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hela niliyoshika mkononi, hiyo ni 2,380 kwa mwezi mzima! Ndiyo maana hawaiiti riba, wanaiita ada.

Siku ya saba sikuwa nayo yote. Dada wa huduma kwa wateja, sauti tamu kabisa, akaniambia nilipe 30,000 "kuongeza siku". Nikalipa. Deni likabaki 105,000 vile vile, haikupungua hata mia.

Wiki iliyofuata nilichelewa siku moja tu. Saa mbili asubuhi wifi yangu anapiga, analia. Kapata picha yangu imeandikwa TAPELI, na maneno kwamba yeye ni mdhamini wangu. Mwalimu wa mtoto kapata. Baba mwenye nyumba kapata. Hadi yule niliyemsevu "Kuku Kienyeji Mbagala" kapata, mtu tuliyeonana mara moja! Wakanitumia na karatasi yenye muhuri wa polisi na namba ya RB, ile ya taarifa iliyofunguliwa polisi. Nikaipeleka kituoni mwenyewe. Askari akaiangalia, akacheka, akasema ni ya kughushi, na kwamba deni la namna hii ni madai, si jinai.

Nililipa yote. 135,000 kwa 68,000. Na hawa wa simu hawana tofauti na kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa wa mtaani, isipokuwa yule wa mtaani angalau unamjua kwake.

Kabla hujakopa, ingia tovuti ya Benki Kuu utafute jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni. Jina la kampuni, si la programu tu. Novemba 2024 BoT ilitaja programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Ni hatua nzuri, lakini kufungia jina peke yake hakutoshi, programu inabadilishwa jina na rangi halafu inarudi. Wanaozimiliki wafuatwe, na zile "ada" zihesabiwe kama riba.

Kama umeshanaswa, usikope programu nyingine kulipa hii. Zima ruhusa zote kwenye mipangilio ya simu, piga picha kila meseji ya matusi, hifadhi namba zao. Kusambaza taarifa zako kwa watu bila ridhaa kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na malalamiko yanapelekwa kwenye Tume yake. Benki Kuu nayo iandikie.

Najua mtu ataniuliza, tukope wapi sasa? Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri haina riba, ila sisi wanawake inatutaka tuwe na kikundi kilichosajiliwa, na mtoto akiugua usiku hasubiri kikao cha kata. Mimi nimejiunga na VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ya jirani. Mfuko wa jamii pale ndio ulionisaidia juzi, 40,000, nikasaini daftari tu.

Na wote mliopata ile picha yangu: deni limekwisha, sijatoroka, na genge liko wazi pale pale.